Wagonjwa wa Sida Hufa kwa Ugonjwa Gani?

Mara nyingi twaitwa usiku. Twapanda pikipiki, twafika kijijini: mgonjwa amekonda, hawezi tena kusema, jamaa wamekwisha kuanza kulia. Twamwondolea dhambi, twampaka Mafuta Matakatifu, na kesho yake twamzika. Watu wakiulizana amekufa kwa nini, wengine hujibu kwa sauti ya chini: sida. Wengine husema: amelogwa. Nasi twaandika jina lake katika kitabu cha marehemu, pasipo kuuliza zaidi.

Ndugu waseminari, nanyi makatekista, yafaa tuulize zaidi, maana jibu hilo la «sida» si kamili. Kijidudu cha sida chenyewe mara chache huua mtu kwa mkono wake. Kazi yake ni kuharibu askari wa mwili, wale ambao waganga huwahesabu kwa kipimo cha CD4. Mtu mzima mwenye afya huhesabiwa 500 au zaidi. Wakishuka chini ya 200, mwili ni kama boma lisilo na mlinzi: ugonjwa uliokuwa umelala ndani huamka, na ule wa nje huingia bila kubisha. Basi huyo anayeingia ndiye muuaji, na karibu kila mara ana dawa yake.

Wa kwanza ni kifua kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waganga wa Abidjan, katika Côte d'Ivoire, walipasua maiti za watu waliokuwa na kijidudu cha sida ili wajue kilichowaua. Karibu mmoja katika kila watatu aliuawa na kifua kikuu. Hata leo hakijaacha: Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu 161.000 wenye kijidudu hicho waliokufa kwa kifua kikuu katika mwaka wa 2023. Lakini tuangalie neno moja. Katika mwili usio na askari, kifua kikuu hakikai kifuani tu. Hujificha katika tezi, tumboni, hata katika ubongo. Mgonjwa pengine hakohoi sana, na makohozi yake yakipimwa hayaonyeshi kitu. Jamaa husema: «Si kifua kikuu, hatemi damu.» Huku homa inamshika majuma kwa majuma, usiku jasho linalowesha shuka, nguo zinamwanguka kiunoni. Siku hizi kuna kipimo cha mkojo ambacho humsaidia mganga kukitambua kwa watu wa namna hiyo.

Wa pili twamwogopa zaidi, kwa sababu huyo hupita mbele ya macho yetu sisi watu wa Kanisa. Ni ugonjwa wa utando wa ubongo unaoletwa na kuvu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayekaa udongoni na katika mavi ya njiwa. Sote twamvuta puani, wala hatudhuru. Ila mtu aliyeishiwa askari humshika kichwani. Mgonjwa huumwa kichwa juma moja, mawili, matatu. Hutapika, macho hayaoni vizuri, kisha huanza kusema maneno yasiyo na maana na kupiga makelele. Kwetu Kasongo na Kabambare, ambako watu wamejua tangu zamani ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, wengine hufikiri ni ule. Wengine, na hao ni wengi, husema ni mapepo. Wakristu huletwa kwenye kikundi cha sala, ndugu zetu Waislamu hupelekwa kwa shehe, wengine kwa mfumu. Sisi wenyewe tulimwekea mikono mtu wa namna hiyo siku tatu, tukifunga na kusali, na siku ya nne tukamzika. Tulikuwa hatujui. Wataalamu wamekisia kwamba katika mwaka wa 2020 ugonjwa huo uliua watu 112.000 duniani, karibu mmoja katika kila watano waliokufa kwa ajili ya sida. Tone moja la damu latosha kuutambua, hata kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Kuna na wengine: vijidudu vinavyoingia katika damu, ugonjwa wa mapafu, kuhara kusikokoma, kansa ya ngozi na ya mlango wa tumbo la uzazi. Watoto waliopata kijidudu kwa mama yao, wasipopewa dawa, nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Lakini mtu atauliza: kama dawa za sida zipo, kidonge kimoja tu kwa siku, kwa nini boma bado linabomoka? Swali ni la haki. Mwaka wa 2004 sida iliua watu wapata milioni 2 duniani. Mwaka wa 2024 walikuwa 630.000. Dawa basi zafanya kazi. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani lashauri kila mwenye kijidudu aanze mara moja, hata kama hajisikii mgonjwa. Wanaokufa sasa ni wale waliochelewa kupimwa, pamoja na wale walioanza wakaacha. Madaktari Wasio na Mipaka, katika hospitali yao ya Kabinda huko Kinshasa, waliona kwamba wengi wa wagonjwa walioletwa wakiwa taabani walikuwa wamekwisha kupewa dawa zamani.

Kwetu sababu za kuacha twazijua. Njia ya Kasongo na Kabambare wakati wa mvua haihitaji kuelezwa. Upande wa Salamabila, karibu na machimbo ya dhahabu ya Namoya, watu walikimbia vita mara nyingi, na mwenye kukimbilia porini hachukui karatasi ya dispanseri. Mwanamke huficha vidonge katika unga ili mumewe asivione. Na nabii fulani asema: «Umepona, tupa dawa.» Kwa miezi kadhaa mtu huyo hushuhudia mbele ya wote kwamba ni mzima, maana askari hawaishi siku moja.

Tena kuna jambo linalodanganya hata wenye akili. Aliyechelewa sana akianza dawa, pengine katika majuma ya kwanza huzidi kuugua. Askari wameamka, wamemwona adui aliyejificha, na mapigano yameanza. Jamaa husema dawa inamuua, nao humzuia. Kumbe ndiyo saa ya kumrudisha upesi kwa mganga. Na mwenye ugonjwa ule wa ubongo hutibiwa kwanza kichwa, majuma manne hadi sita, ndipo aanzishwe dawa za sida. Mganga akichelewesha hivyo, asishitakiwe kuwa amemnyima.

Mtaguso wa Vatikano II, mwaka wa 1963, ulitufundisha kwamba Mpako si wa wale tu walio katika hatari ya mwisho kabisa, na Papa Paulo VI mwaka wa 1972 akatoa utaratibu mpya. Lakini vijijini bado twaitwa roho ikiwa mdomoni. Katekista anayetembelea wagonjwa wa shirika lake na aulize: homa ni ya tangu lini? Kichwa kinauma usiku na mchana? Ulikuwa unakunywa vidonge ukaacha? Jibu likiwa ndiyo, mgonjwa aondoke leo, sala tutasali njiani. Shirika likusanye franga za pikipiki kama linavyokusanya za sanduku na za matanga. Na aliyoyasikia yasitangazwe kanisani, hata kwa njia ya kumwombea, kwa sababu mgonjwa aliyetajwa mara moja mbele ya watu haji tena kuchukua dawa. Kwa wanaokaa mbali, mwulizeni mganga kama aweza kutoa vidonge vya miezi mitatu kwa mara moja.