Programu, kalamu au mizani? Gharama za kupanga kazi Kiuyu

Mkulima wa mwani wa Kiuyu, kisiwani Pemba, hakosi bahari, anakosa saa. Maji ya bamvua Zanzibar hupanda na kushuka kwa tofauti inayokaribia mita 4, na ni siku hizo chache tu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndipo shamba lake linapoachwa wazi vya kutosha. Yakija maji mafu, kazi imesimama. Katika saa hizo chache apigilie vigingi, afunge mbegu kwenye kamba, aondoe uchafu, avune na abebe mzigo hadi pwani. Nyuma yake ni ardhi ya maweni isiyostawisha mikarafuu kama ile ya magharibi ya Pemba, kwa hiyo kosa la mpango huku halifidiwi na zao jingine kwa urahisi.

Maamuzi yake ni magumu. Afunge mwani wa aina ya spinosamu, inayovumilia lakini bei yake ni ndogo, au kotonii, yenye bei nzuri lakini hugeuka nyeupe na kukatika maji yanapopata moto wakati wa kaskazi? Aongeze kamba au amlipe msaidizi? Maswali ya namna hii yana elimu yake, inayoitwa utafiti wa operesheni. Mwaka 1939 Leonid Kantorovich aliandika njia ya kuyajibu baada ya kuulizwa na kiwanda cha mbao za tabaka mjini Leningrad namna ya kugawa kazi kwenye mashine zake. Mwaka 1947 George Dantzig, nchini Marekani, akatoa kanuni ambayo hadi leo iko ndani ya programu nyingi za kompyuta zinazofanya kazi hiyo.

Programu hizo zinauzwa, nyingine kwa bei ya kutisha, na vikundi vya ushirika vinavyoanza kutumia kompyuta huambiwa kwamba bila ya kulipia hawawezi kupanga kitaalamu. Mimi nasema wanaweza. Kwa kazi zenye ukubwa wa Kiuyu, pesa ya kwanza iende kwenye mizani, saa na daftari. Hesabu yenyewe inapatikana bure au kwa gharama ya karatasi, na nitaonyesha kwa mfano ambao msomaji anaweza kuurudia mezani kwake. Tarakimu za mfano ni zangu, kila mtu aweke zake.

Tuseme mwani unakaa baharini wiki sita, ambazo zina bamvua tatu. Kila bamvua mkulima anapata siku 6 za kazi, kila siku saa 3. Jumla ni saa 54, yaani dakika 3,240. Kamba moja ya spinosamu inamla dakika 9 tangu kufungwa hadi kuvunwa. Ya kotonii inamla dakika 18, kwa sababu iko mbali zaidi, kwenye maji marefu, na inataka kuangaliwa. Ana kamba 300, na sehemu ya kina kinachofaa kotonii haichukui zaidi ya kamba 100. Baada ya kutoa gharama, kamba ya spinosamu inamwachia shilingi 700, ya kotonii shilingi 1,200.

Wengi wangechagua moja kati ya njia mbili. Mwoga angejaza spinosamu tupu, kamba 300, apate 210,000. Jasiri angejaza kotonii hadi mwisho wa nafasi yake, kamba 100, kisha amalizie dakika zilizobaki kwa kamba 160 za spinosamu, apate 232,000. Jawabu bora halipo kwenye njia yoyote kati ya hizo. Ni kamba 240 za spinosamu na 60 za kotonii: 168,000 na 72,000, jumla 240,000. Kamba zote 300 zimetumika na dakika zote 3,240 zimekwisha.

Hesabu hii haihitaji hata kikokotoo. Chora mistari miwili ya pembeni, mmoja wa idadi ya kamba za spinosamu na mwingine wa kotonii. Chora mstari wa mpaka wa kamba, mstari wa mpaka wa dakika, na mstari wa nafasi ya maji marefu. Eneo lililobaki ndani ndilo la mipango inayowezekana, na jawabu bora hukaa kwenye mojawapo ya pembe zake. Pima kila pembe, chukua kubwa. Mada hii imo katika Hisabati ya kidato cha nne Tanzania. Nyumba yenye kijana aliyemaliza kidato hicho tayari ina mtaalamu, na ni huzuni kwamba kijana huyo aliifanya kwa ajili ya mtihani tu, kwa mifano ya meza na viti vya kiwanda asichokijua, wakati mama yake anarudi kutoka baharini na mfano ulio hai.

Faida kubwa ya karatasi hiyo huja baada ya jawabu. Tuulize: ningeongeza kimoja tu, kipi kingenilipa? Ukiongeza kamba moja, ziwe 301, mpango bora unakuwa spinosamu 242 na kotonii 59, na faida inapanda kwa shilingi 200 tu. Ukiongeza saa moja ya msaidizi, unaweza kubadilisha karibu kamba saba kutoka spinosamu kwenda kotonii, na faida inapanda kwa takriban shilingi 3,330. Kwa hiyo msaidizi anayetaka shilingi 2,000 kwa saa analipa, anayetaka 4,000 halipi. Na analipa kwa saa 6 tu. Baada ya hapo nafasi ya kotonii imejaa, na saa ya saba haina kazi. Anayenunua roli la kamba kwa sababu kamba inaonekana ni mali, na msaidizi anaonekana ni hasara, amepindua mambo.

Karatasi hiyo hiyo inamwambia pia ni kitu gani apime kwa makini. Mpango wa 240 na 60 unabaki kuwa bora maadamu faida ya kamba ya kotonii iko kati ya shilingi 700 na 1,400. Ikiwa ni 1,100 au 1,300, haidhuru. Lakini ikishuka chini ya 700, kwa kuwa kamba nyingi zimekufa, arudi kwenye spinosamu tupu. Basi kuhesabu kamba za kotonii zilizokufa kila bamvua kuna thamani zaidi kuliko kubishana juu ya bei hadi senti ya mwisho. Dakika pia zipimwe. Watu wengi hukisia kwamba kotonii inachukua muda sawa na spinosamu, na kisio hilo likiwa si kweli, programu ya mamilioni itatoa jawabu bovu kwa haraka zaidi.

Sasa bei za programu. Aina za mwani zikiwa tatu au nne, au kikundi kikiwa na wanachama kumi wenye saa tofauti, grafu haitoshi. Hapo chaguo la kwanza liwe LibreOffice Calc. Ni ya bure na ndani yake kuna kitafutaji cha jawabu bora. Kuipakua kunakula data kama MB 350, mara moja tu, na baada ya hapo haihitaji intaneti, jambo lenye uzito kwa anayenunua bando. Excel ya Microsoft nayo ina Solver, na wengi wameizoea. Lakini kwa usajili wa mwezi bei ya Marekani inakaribia dola 10, na Solver hiyo inakubali vigezo 200 tu. Tukikadiria dola kwa shilingi 2,500, mwaka mzima ni shilingi 300,000, ambayo katika mfano wetu ni zaidi ya faida ya mzunguko mzima wa mwani. Mizani ndogo ya kuning'iniza hugharimu sehemu ndogo ya pesa hiyo. Jambo jingine la kuangalia kabla ya kulipa ni kwamba Excel ya simu haina Solver. Anayetegemea simu peke yake asiinunue kwa ajili hiyo.

Juu ya hapo kuna Gurobi na CPLEX, zinazotumiwa na mashirika ya ndege na kampuni za umeme. Leseni zake za biashara ni za maelfu ya dola. Wanafunzi na walimu wa vyuo hupewa Gurobi bure kwa masomo, kwa hiyo mwanafunzi anayeandika tasnifu hana sababu ya kuogopa jina hilo. Kikundi cha ushirika hakina haja nayo. Anayejua kuandika Python atumie PuLP au HiGHS, zote bure, na zitamtosha hata kama kikundi kitakua mara hamsini.

Siku hizi wapo wanaoziuliza programu za akili mnemba kwenye simu. Zinasaidia kupanga swali, na nazikubali kwa kazi hiyo. Jawabu lake lisitumike kabla ya kurudishwa kwenye mipaka: jumlisha kamba, zidisha dakika, tazama kama hazijazidi. Ni kazi ya dakika mbili na haina gharama.

Kupanga mradi ni hesabu ya aina nyingine, nayo ndiyo inayokula pesa nyingi za vikundi. Mwaka 1957 wahandisi wa DuPont walianza kutengeneza njia ya kutafuta mlolongo wa kazi unaoamua tarehe ya mwisho, na mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likawa na yake kwa ajili ya makombora ya Polaris. Kwa Kiuyu tuchukue banda la kuhifadhia mwani mkavu, linalotakiwa kusimama kabla ya masika, kwa sababu mwani ulionyeshewa hushuka daraja.

Kusafisha kiwanja siku 3, kisha kuchimba msingi siku 4. Kuagiza saruji siku 6. Saruji ikifika, kufyatua matofali na kuyamwagia maji hadi yakomae siku 14. Kujenga msingi siku 5, baada ya kuchimba na baada ya saruji kufika. Kuta siku 8, baada ya msingi na matofali. Mbao na mabati huagizwa siku ya kwanza na kufika siku ya 20. Paa siku 5, baada ya kuta na mbao, kisha sakafu siku 4.

Ukijumlisha siku zote za kazi utadhani ni miezi miwili na zaidi. Ukizipanga kwa mfuatano, ni siku 37. Zinazoamua ni saruji, matofali, kuta, paa na sakafu: 6, 14, 8, 5 na 4. Wachimbaji wa msingi wana nafasi ya kuchelewa siku 8 bila ya kumuumiza mtu. Hata hivyo ndio wanaoonekana, ndio wanaopigiwa kelele, na ndio kamati inaowaongezea posho ili waharakishe. Posho hiyo haifupishi ujenzi hata kwa siku moja.

Kinachofupisha ni kununua matofali yaliyo tayari. Yakifika siku ya 12, msingi utakuwa umekwisha, kuta zinaanza, na banda linakamilika siku ya 29. Muuzaji mmoja akisema atayaleta siku ya 6 kwa bei kubwa, na mwingine siku ya 12 kwa bei ndogo, chukua wa pili bila wasiwasi. Matofali ya siku ya 6 yatakaa yakisubiri. Na ukitaka chini ya siku 29, matofali hayatakusaidia tena peke yake, kwani mbao na mabati navyo vimeingia kwenye mlolongo unaobana.

Kwa mradi wa kazi tisa kama huu, karatasi moja ya daftari inatosha. Ukiwa na kazi arubaini, GanttProject na ProjectLibre ni za bure na zinaonyesha mlolongo huo kwa rangi. Programu ya miradi ya Microsoft imekuwa ikiuzwa kuanzia dola 10 kwa mwezi kwa mtumiaji mmoja, na dola 30 kwa ile yenye uwezo zaidi. Mfadhili akiishurutisha, gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti yake, isitoke kwenye mfuko wa wakulima.

Liko tatizo moja ambalo kalamu inashindwa kweli: njia ya gari. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imejenga kiwanda cha mwani Chamanangwe, na gari la kukusanya mzigo wa Wilaya ya Micheweni linaweza kupita Kiuyu Mbuyuni, Maziwa Ng'ombe, Micheweni, Shumba na Tumbe. Vituo 5 vina mifuatano 120, na dereva mzoefu atapata njia nzuri bila ya kuandika. Vituo vikiwa 10, mifuatano ni 3,628,800, na uzoefu unaanza kupotea, hasa kila kijiji kikiwa na siku yake ya mwani kukauka na gari likiwa na ukomo wa tani. Kwa kazi hiyo vikundi vya vijiji kadhaa vichangiane kumlipa kijana anayejua kompyuta kwa wiki moja, atumie OR-Tools ya Google, isiyouzwa, na awaachie faili wanaloweza kulifungua wenyewe. Kabla hajaanza atawauliza umbali kati ya vituo, muda wa kupakia, na kilo za mwani mkavu zinazotoka kila kijiji kila bamvua. Kama hakuna aliyeandika kilo hizo, wamwambie aje bamvua mbili mbele, na kesho yake mizani ianze kazi.