Bati Jipya, Gari la 1932

Kalibu inayotoa ubavu wa Ford ya mwaka 1932 haina umbo la ubavu wa Ford ya mwaka 1932. Imepinda kupita inavyotakiwa, kona zake zimezidi, na mtu akiilinganisha na gari la zamani atasema aliyeichonga alikosea. Hakukosea. Bati la chuma likibanwa na mashine kisha likaachiwa, hurudi nyuma kidogo. Anayechonga kalibu hulazimika kulipeleka mbali zaidi ya anapotaka lifike, akijua litarudi lenyewe mpaka mahali pake. Litarudi kiasi gani? Inategemea unene wa bati, ugumu wake, ukali wa kona na kina cha tumbo. Siku hizi kompyuta husaidia kukisia, lakini kalibu bado hujaribiwa, bati hupimwa, chuma huchongwa tena, na kazi hurudiwa mpaka bati linalotoka liwe ndilo.

Jambo hili nililikuta nikitafuta kitu kingine kabisa, na tangu hapo limenikaa kichwani. Marekani kuna viwanda vinavyotengeneza upya, kwa chuma, bodi za magari yaliyoacha kuzalishwa zaidi ya miaka tisini iliyopita. Mnunuzi hapewi gari. Hupewa bodi tupu isiyo na rangi, bati likiwa bado linang'aa, aende akajenge mwenyewe. Kinachojengwa juu yake huitwa hotirodi, gari la zamani lililovuliwa na kutiwa nguvu. Waliotazama filamu ya American Graffiti ya mwaka 1973 watalikumbuka lile la manjano: bodi yake ni ya Ford ya 1932.

Historia yenyewe si ndefu kusimulia. Miaka ya 1930 vijana wa kusini mwa California walinunua Ford zilizotumika kwa bei ya chini, wakang'oa madigadi na kila kilichoongeza uzito, wakazichokonoa injini, kisha wakaenda kushindana kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Mwaka 1937 vilabu vyao viliunda Southern California Timing Association, chama ambacho mpaka leo kinapima kasi. Januari 1948 Robert Petersen alitoa toleo la kwanza la jarida la Hot Rod, na mchezo wa vijana wa jimbo moja ukasambaa nchi nzima.

Katika Ford zote, ya 1932 ndiyo iliyopendwa kuliko nyingine. Umbo lile lilitoka mwaka mmoja tu. Ndiyo iliyomfikishia mtu wa kipato cha kawaida injini ya V8, nguvu za farasi 65, wakati silinda nane zilikuwa za matajiri. Lakini injini peke yake haielezi mapenzi hayo, maana wajenzi wengi waliitoa, na baada ya 1955 waliweka V8 ya Chevrolet bila kujuta. Walichoking'ang'ania ni mwili wa gari.

Nimeutazama mwili huo kwenye picha nyingi kuliko kazi hii ilivyohitaji, na naamini siri iko chini ya mlango. Katika Model A, iliyotangulia, chasisi ilifichwa: kati ya bodi na ubao wa kukanyagia palikuwa na bati la kuifunika. Mwaka 1932 bati hilo liliondolewa. Ubavu wa chasisi yenyewe ukaachwa wazi, ukatunishwa katikati ili ufuate bodi, ukachapwa mstari mrefu uliokwenda sambamba na mkunjo wa madigadi. Waliouchora hawakuwa na habari kwamba vijana wangekuja kuyang'oa madigadi yale. Walipoyang'oa, chini yake walikuta gari lililokwisha kupendeza. Mstari uliotengenezwa kusindikiza kitu ukabaki peke yake, nao ukatosha.

Juu ya huo kuna mwingine, mwembamba, unaoizunguka bodi kiunoni. Unaanzia mbele karibu na injini, unavuka mlango, unaendelea mpaka nyuma. Jicho huuona kama mstari mmoja, ilhali umekatika mara kadhaa, kwa sababu kila bati limetoka kwenye kalibu yake. Bati moja likikosea kwa milimita mbili, jicho la mtu asiyejua lolote kuhusu magari litasita pale. Hatajua kwa nini. Atahisi tu kwamba gari halijatulia.

Aliyenifundisha kuutazama mstari huo ni mzee mmoja wa Ohio ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake amekuwa akipandisha bodi hizi kwenye chasisi. Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu itakayoeleweka mbele. Nilizungumza naye kwa simu. Ni msema polepole, na kila swali langu kuhusu gari alilijibu kwa habari za mlango.

Kwake mlango ndio mtihani wote. Bodi mpya ikishuka juu ya chasisi, mlango uliokuwa ukifunga vizuri kiwandani hugoma. Mwanafunzi hukimbilia bawaba. Mzee humzuia. Mlango, asema, haupangwi mlangoni. Unapangwa chini, pale bodi inapokalia chasisi, kwa vipande vyembamba vinavyowekwa kwenye boliti. Ingiza kipande kimoja upande wa mbele, na mwanya wa juu wa mlango unajibana huku wa chini ukifunguka. Kitoe, nao unarudi. Gari la wazi halina paa la kuishikilia bodi, kwa hiyo bodi nzima hucheza kwa unene wa kipande kile. Yeye huongeza, hutoa, hukaza, hufunga mlango, husikiliza unavyofunga, halafu hulegeza boliti zote aanze tena. Anatafuta mwanya wa milimita nne hivi, ulio sawa kuanzia juu mpaka chini.

Akishaupata, hapaki rangi. Injini bado. Injini na gia zikishapanda, uzito wake huipinda chasisi kidogo, na mlango uliokubali jana unakataa leo. Ndiyo maana hujenga gari zima likiwa bati tupu, aliendeshe, kisha alifungue lote ndipo lipakwe rangi. Wateja wenye haraka hawamwelewi. Anasema wapo waliokwenda kwingine, na wapo waliorudi na milango iliyokwangua rangi mpya.

Nilimwuliza kama bodi mpya ni nzuri kuliko za Ford. Hapo alinyamaza kidogo. Bodi za 1932, alisema, hazikuwahi kunyooka hivyo. Zilitoka kwenye viwanda vilivyokimbizana na saa, milango ikapigwa nyundo na kusukumwa kwa goti mpaka ikafunga, viungo vikazibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, rangi ikafunika. Mwanya wa kushoto haukuwa ndugu wa mwanya wa kulia, na hakuna aliyelalamika. Leo mteja huleta bodi mpya na kudai gari la 1932 lenye mianya ya gari la Kijerumani la mwaka huu. Mzee humfanyia, maana ndiyo kazi. Lakini anasema linapotoka karakanani linakuwa limenyooka kuliko gari lolote ambalo Henry Ford aliwahi kuuza, na yeye hana hakika kwamba hiyo ni sifa.

Swali hilo linazidi ukali ukilifuata mpaka kwenye kalibu. Ili kunakili, lazima uwe na cha kunakili. Bora kuliko vyote ni bati la zamani ambalo halikuwahi kufungwa kwenye gari, lililosahaulika stoo kwa muuza vipuri, nalo ni adimu. Vinginevyo unapima magari yaliyosalia, na kila moja limeishi. Hili liligongwa na kunyooshwa. Lile liliachwa shambani likala kutu. Jingine lilikatwa na mshindani akaliunga upya. Tena hata siku yalipozaliwa hayakulingana, kwa kuwa kalibu za Ford zilichakaa zikitumika, na bati la mwisho wa mwaka halikuwa bati la mwanzo wa mwaka. Mchonga kalibu hupima yote hayo, kisha lazima aamue. Gari analoliamua huenda halikuwahi kuwepo barabarani hata siku moja. Nikimsikiliza mzee nimejikuta nawaheshimu watu hawa kwa kiwango ambacho sikukitarajia. Wanamtafuta mchonga kalibu wa 1931 aliyekufa zamani, ambaye jina lake halimo kwenye kitabu chochote, na wanajaribu kujua alikusudia nini.

Huko Ohio anakoishi mzee, katika mji mdogo wa Brookville karibu na Dayton, kuna kampuni ya Brookville Roadster, iliyoanza kwa kutengeneza viraka vya Model A zilizoliwa na kutu. Kiraka kilivuta kiraka, mpaka viraka vikatosha kuwa bodi nzima. Baadaye ikaingia kwenye bodi za 1932. California nako kampuni ya United Pacific ikatoa bodi ya chuma ya Ford ya 1932 yenye paa. Kabla ya hao, aliyekosa bodi ya zamani alinunua ya faibaglasi, nyepesi na rahisi, ambayo wakubwa wa mchezo walikuwa wakiigonga kwa kidole na kugeuka. Gari la chuma lilikuwa na heshima yake, la faibaglasi na yake. Chuma kipya kimeuvuruga utaratibu huo: kinalia kama chuma, kinachomelewa kama chuma, na ukikigonga kwa kidole hakikuambii mwaka wake.

Sasa nirudi kwenye jina la mzee. Ford ya 1932 iligongwa namba yake kwenye reli ya kushoto ya chasisi. Bodi haikupewa namba. Mbele ya sheria, basi, gari lilikuwa chasisi, na uzuri wote uliokaa juu yake haukuwa na utambulisho. Wasomaji wanaojua jinsi mabasi yetu yanavyozaliwa, chasisi ikifika na karatasi zake na bodi ikichomelewa hapa hapa, hawatashangaa. Mwenye reli kuukuu zenye namba na hati anaweza kuweka juu yake bodi iliyotoka kwenye mashine mwezi uliopita na akasema kwa uaminifu kwamba gari lake ni la 1932. Lakini reli nazo zinatengenezwa upya. Vivyo hivyo ekseli, taa na grili. Asiye na kipande hata kimoja cha zamani anamiliki gari la mwaka gani?

California ilijaribu kujibu kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2001: kila mwaka magari 500 yaliyoundwa na watu wenyewe huruhusiwa kukaguliwa moshi kwa mujibu wa mwaka wa gari ambalo bodi yake au injini yake inafanana nalo. Serikali kuu nayo, kwa sheria ya 2015 ambayo kanuni zake zilianza kutumika 2022, inamruhusu mtengenezaji mdogo kuuza hadi magari 325 kwa mwaka yaliyo nakala za magari ya miaka 25 au zaidi iliyopita. Yote haya huacha nje watu wengi wa aina ya wateja wa mzee, ambao baadhi yao humletea hati ya gari lililokufa na bodi iliyozaliwa jana wakitaka waoanishe viwili hivyo. Yeye hutengeneza milango. Karatasi huwaachia wenyewe, wala hataki jina lake lisomwe karibu na mjadala huo. Nilitamani aseme zaidi, naye hakusema.

Wapo pia wanaozichukia bodi mpya kwa moyo safi. Hawa ni wale waliotumia ujana wao wakizunguka mashamba na majalala wakitafuta bati la kweli, na wanaona kwamba utafutaji huo umeuliwa na katalogi. Nawaelewa. Ila mzee ana jibu ambalo kwangu lina uzito: zamani kila aliyetaka hotirodi alichukua msumeno akakata gari la kweli, na sasa magari ya kweli yaliyobaki yanaweza kuachwa mazima. Yeye mwenyewe alikata mengi alipokuwa kijana. Hakuniambia mangapi.

Kisa cha mwisho alichonipa ndicho kilichonisukuma kuandika. Karakanani mwake iliingia bodi ya 1932 iliyokuwa imeoza pembe ya chini ya nyuma, mahali pale pale ambapo bodi za zamani huoza. Alidhani ni ya Ford mpaka alipokwangua rangi na kukuta ni ya kunakiliwa, mojawapo ya zile za mwanzo. Umbo lilikuwa limenakiliwa kwa uaminifu kiasi kwamba hata mfuko unaoshika tope na maji kwa ndani ulinakiliwa, na kutu ikaifuata njia ile ile. Alikata palipooza akachomelea bati jipya la umbo hilo hilo. Ohio huruhusu gari lililozidi miaka 25 liombewe namba za gari la kihistoria, na bodi hiyo imeshauvuka umri huo kwa kuishi kwake yenyewe, mbali na mwaka 1932 ulioandikwa kwenye hati. Mwenye gari alimwuliza mzee aombe kwa mwaka upi, wa umbo au wa bati. Mpaka tunazungumza, bado alikuwa akiulizia.