Mtoto hujifunza kusema kwa mtu anayemjibu

Wazazi wengi wanauliza swali moja: mtoto ametimiza miaka 2, anatazama katuni za Kiingereza kutwa nzima, mbona hasemi? Mtaani majibu hayakosekani. Huyu atasema mtoto ana udata chini ya ulimi, akatwe. Yule atauza dawa ya kulegeza ulimi. Wa tatu atadai lugha mbili zimemchanganya. Wote wanahangaika na ulimi au lugha, na hakuna anayeuliza nani huongea na mtoto huyo kuanzia asubuhi hadi jioni. Swali hilo limepimwa maabara, na namna lilivyopimwa inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Mtoto wa miezi 6 hutofautisha sauti nyingi za lugha ambazo hajawahi kuzisikia. Akikaribia mwaka, sikio limeshaegemea sauti za nyumbani na uwezo ule wa awali unafifia. Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, waliingia katika kipindi hicho. Katika utafiti wao wa mwaka 2003, watoto wa Kimarekani wa miezi 9, waliozoea Kiingereza tu, waliketi sakafuni na wasemaji wa Kimandarini kwa vipindi 12 vya dakika 25, wakisomewa vitabu na kuchezeshwa. Watoto wengine waliwapata wasemaji walewale kwenye skrini, na wengine sauti zao peke yake. Kisha ukaja mtihani. Sauti moja ya Kimandarini inarudiwa na kurudiwa, halafu inabadilika ghafla kuwa nyingine inayokaribiana nayo mno. Mtoto aliyeng'amua hugeuza kichwa kuangalia kisanduku cheusi, taa inawaka ndani na mdoli anapiga ngoma. Waliokaa na watu waliuweza mtihani huo sawa na watoto waliokulia Taiwan. Wa skrini na wa sauti tupu hawakuwa na tofauti na watoto ambao hawakufundishwa Kimandarini kabisa.

Masikioni maneno yalikuwa yaleyale. Msemaji aliye hai, hata hivyo, hufuata macho ya mtoto: mtoto akimwangalia mdoli, jina la mdoli linatajwa papo hapo. Mtoto akitoa sauti, mtu mzima hunyamaza, humsikiliza, humrudishia. Katuni inaendelea tu, mtoto awe anaangalia au amelala. Mwaka 2014 Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff waliipima hoja hii kwa watoto wa miaka 2 hadi 2 na nusu. Watoto walijifunza vitenzi vipya kwa mtu aliyekuwa nao chumbani, na pia kwa mtu aliyeongea nao moja kwa moja kwa simu ya video. Walipooneshwa video ya mtu akiongea na mtoto mwingine, hawakujifunza. Kwa hiyo skrini yenyewe haina kosa. Kinachokosekana ni jibu linalokuja kwa wakati wake. Na jibu hilo linagusa ubongo zaidi ya msamiati. Mwaka 2018 Rachel Romeo na wenzake walipima watoto wa miaka 4 hadi 6 nchini Marekani: waliozoea kupokezana maneno na watu wazima walionesha shughuli kubwa zaidi katika eneo la Broca, sehemu ya ubongo inayohusika na lugha, walipokuwa wakisikiliza hadithi, na kipato cha familia au wingi wa maneno waliyosikia haukutosha kuieleza tofauti hiyo.

Mzazi atapinga: mwanangu anaimba alfabeti yote na kuhesabu hadi 10 kwa Kiingereza, na kayatoa kwenye katuni. Sawa, amekariri. Mpime kwa kuangalia kama anaweza kuomba maji, kukataa uji au kusema nani amempiga. Pingamizi zito zaidi linatoka Mexico, kwa jamii ya Watseltal, ambao huwasemesha watoto wachanga kwa dakika chache tu kwa saa, na bado watoto hao huanza kusema kwa wakati. Lakini watoto hao hushinda wamebebwa katikati ya watu wanaoongea na kufanya kazi mbele yao. Mtoto aliyeachwa na runinga na dada wa kazi aliyezama kwenye simu hana hata hilo.

Kuhusu lugha mbili, hazimchelewishi mtoto. Hesabu maneno yake ya lugha zote kwa pamoja. Msemeshe kwa lugha unayoimudu, iwe Kiswahili, Kisukuma au Kikamba, umtajie unachofanya unapomwogesha, kisha umngoje akujibu, hata kwa mlio. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, halipendekezi skrini kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Udata unaweza kusumbua unyonyaji na matamshi ya sauti fulani, lakini haumzuii mtoto kupata maneno. Anayemkata mtoto kwa wembe bila hata kujua kama anasikia anamuumiza na kumpotezea miezi ambayo anaihitaji. Mtoto wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili apelekwe hospitali, na kitu cha kwanza kuomba huko ni kipimo cha masikio.