Ruzuku kwa Vilabu vya Michezo vya Vijana: Tuanzie Wapi?

Vijana wa vigango vyetu wana ari ya michezo, lakini ari pekee hainunui mpira. Nchini Tanzania, safari ya kutafuta ruzuku huanza kwa kusajili klabu kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Klabu isiyo na katiba wala akaunti ya benki ni vigumu kuaminiwa.

Kisha tueleze lengo. Taasisi kama Laureus, iliyoanzishwa mwaka 2000, hufadhili michezo inayobadili maisha ya vijana. Jezi pekee hazitoshi kuwa hoja.

Mwisho, tutunze stakabadhi. Fedha ya watoto ni amana. Ikipotea, mlango hufungwa hata kwa watakaotufuata.