Redio ya Gari Isiyosikia Stesheni za Nyumbani

Mtu asafiriye kwa gari kutoka Tabora kwenda Urambo hupita katika misitu ya miombo kwa muda wa zaidi ya saa moja, akifuata kwa kukaribia njia ile ya misafara iliyotoka Unyanyembe kuelekea Ujiji katika karne ya 19. Hii ndiyo njia ambayo Mtemi Mirambo aliifunga mwaka 1871, hata Stanley akalazimika kuzunguka upande wa kusini ili afike Ujiji. Enzi zile kirangozi alitangulia mbele ya wapagazi akiwa na ngoma, na walio nyuma wakaifuata sauti. Siku hizi msafiri huchangamshwa na redio iliyomo ndani ya gari. Lakini katika magari mengi ya njia hiyo redio haisemi neno. Inakoroma tu, na mwenye gari hukata shauri kwamba imekufa kwa uzee.

Makala haya yanaeleza habari za redio moja ya namna hiyo. Ilikuwamo ndani ya Toyota Corolla ya mwalimu mmoja wa sekondari mjini Tabora, gari lililoundwa Japani mwaka 2003, likatumika huko kwa miaka kadhaa, kisha likaletwa nchini. Mwalimu alikuwa ametenga sehemu ya mshahara wake ili anunue redio mpya. Fedha hizo hizo zilikuwa zikingojewa na sare na madaftari ya binti yake, kwa hiyo kosa la ununuzi lisingekuwa lake peke yake. Kabla ya kununua alikwenda kwa fundi, nasi tukafuatana naye.

Fundi alikuwa mzee mwenye kibanda si mbali na soko. Alipokwisha kuitikia shikamoo zetu aliiwasha redio, akaipitisha polepole kutoka mwanzo wa masafa hadi mwisho. Stesheni ikasikika safi kabisa, spika zote nne zikaitikia.

"Mwalimu, redio yako haina ugonjwa," alisema. "Tazama namba."

Namba zilianza 76.0, na zilipofika 90.0 zikarudi tena 76.0.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Katika nchi nyingi duniani, Tanzania ikiwa mojawapo, utangazaji wa FM hutumia masafa ya megahezi 87.5 hadi 108. Japani ilipopanga masafa yake, sehemu ya megahezi 90 hadi 108 ilikwisha kupewa televisheni, yaani chaneli ya 1, ya 2 na ya 3. Redio za FM zikapewa sehemu iliyokuwa chini yake, 76 hadi 90. Televisheni hizo za analojia zilizimwa tarehe 24 Julai 2011, isipokuwa katika mikoa mitatu iliyoumizwa na tetemeko la ardhi la mwaka huo, ambayo ilingoja hadi Machi 2012. Tangu mwaka 2014 Wajapani wakaanza kuitumia sehemu ya 90 hadi 95 kwa redio. Ndiyo sababu magari ya miaka ya karibuni hufika 95, na mengine hufika hata 108. Lakini gari la mwaka 2003 haliwezi kuyajua mabadiliko yaliyokuja baada yake.

Sasa msomaji na apige hesabu. Sehemu yetu ya FM ina upana wa megahezi 20.5. Redio ya Japani ya zamani hushirikiana nasi kuanzia 87.5 hadi 90 tu, yaani megahezi 2.5. Hiyo ni kama sehemu moja katika nane. Kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, magari yao yaliyotumika ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu, na kila moja lilikuja na dirisha hilo jembamba la kusikilizia. Ni jambo la kusikitisha kwamba redio nzima nyingi zimeng'olewa na kutupwa kwa sababu ambayo haikuwa kasoro yao.

Kwa nini haitoshi kubadili eriali au kusafisha nyaya? Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba saketi yenye koili na kapasita huitikia masafa moja kuliko mengine yote, na kwamba masafa hayo hupanda kadiri zao la L na C linavyopungua. Uhusiano wenyewe ni wa kipeo cha pili: ili saketi iliyokomea 90 ifike 108, yaani mara 1.2, lazima zao la L na C lipungue mara 1.44. Fundi wetu alitusimulia kwamba katika redio za zamani zenye kitufe cha kuzungusha mshale, alikuwa akiifungua redio na kuivuta koili kidogo ili mizunguko yake iachane. L hupungua, masafa hupanda. Kazi hiyo ilihitaji mkono mtulivu kuliko vifaa.

Redio ya mwaka 2003 haikubali dawa hiyo. Ndani yake mna oskileta, yaani saketi inayotengeneza mawimbi yake yenyewe. Mawimbi hayo huchanganywa na yale yanayotoka kwenye eriali, na tofauti ya masafa yao, ambayo hupangwa iwe megahezi 10.7 daima, ndiyo inayokuzwa na kugeuzwa sauti. Ili kupata stesheni ya 80, oskileta hutetema kwa 69.3 au kwa 90.7. Ni chombo kidogo cha kompyuta kinachoiamuru oskileta itetemeje, nacho kimeandikiwa kiwandani kisivuke mpaka. Kuvuta koili hapo ni kuharibu tu.

Iko njia ya gharama ndogo, na fundi alitaka tuijaribu kwanza. Ni kijisanduku ambacho mafundi hukiita bendi ekspanda. Huchomekwa kati ya waya wa eriali na redio, na kazi yake ni kupunguza masafa yote yanayoingia kwa kiasi kimoja. Kikipunguza 12, stesheni ya 101 husikika mahali pa 89. Kikipunguza 16, dirisha la 76 hadi 90 huonyesha stesheni za 92 hadi 106. Msomaji atatambua mara moja upungufu wake: dirisha lina upana wa 14, na sehemu yetu ina 20.5, hivyo daima kuna stesheni zitakazobaki nje. Tena, tuseme pana stesheni yenye nguvu mjini katika 89 yenyewe. Mawimbi yake hupenya bila kupunguzwa, yakaangukia pale pale ilipowekwa ile ya 101, na msikilizaji husikia mkutano wa watu wawili wasiosikilizana.

Mwalimu aliazimwa kijisanduku hicho kwa juma moja. Mjini kilimridhisha. Alipokwenda Urambo, mkoromo ulianza mapema, akarudi akiamini kwamba chombo ni kibovu. Hapa tuliona ni lazima kutenganisha mambo mawili. Ni kweli kwamba kila kiungo kinachoongezwa katika njia ya eriali huongeza kelele kidogo. Lakini mawimbi ya FM husafiri takribani katika mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Umbali wa kufika, kwa kilomita, hukadiriwa kwa kuzidisha 4.12 kwa jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa mnara na wa eriali, kwa mita. Mnara wa mita 100 hutoa 10; eriali ya gari iliyo mita 1.5 juu ya ardhi hutoa kama 1.2. Jibu ni kilomita 46. Urambo iko kama kilomita 90 kutoka Tabora. (Wanafunzi hupenda kujumlisha mwinuko wa Tabora, ambao ni kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Wasifanye hivyo: ardhi inayozunguka imeinuka vile vile, na kinachohesabiwa ni urefu wa mnara juu ya ardhi hiyo.) Basi katikati ya safari ile pana kimya ambacho redio ya bei yoyote haiwezi kukiondoa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua ununuzi. Mwalimu alikuwa akitamani redio yenye kioo kikubwa cha picha. Alipoona kwamba nusu ya njia haina mawimbi, alichagua redio nyembamba isiyo na kioo, yenye FM hadi 108 na tundu la kuchomeka flashi. Nadhani alichagua vema. Kioo kingemla fedha za madaftari, na macho ya dereva yangekuwa mahali pasipostahili.

Juu ya sanduku la redio hiyo paliandikwa "50W x 4". Mwalimu alicheka, na wasomaji wetu wangecheka pia kama wangefanya hesabu. Injini ikiunguruma, umeme wa gari ni kama volti 14.4. Fyuzi iliyo nyuma ya redio ni ya ampea 10. Volti 14.4 mara ampea 10 ni wati 144, nazo zote haziwezi kugeuka sauti. Hizo 200 zinatoka wapi? Zinatoka katika kuugawanya mraba wa 14.4 kwa ukinzani wa spika, yaani omu 4, ambao hutoa karibu 52. Hizo ni wati za kitambo, wakati mawimbi yamekatwa vichwa na sauti imekwisha kuharibika. Wimbi safi halizidi nusu ya hizo, yaani 26, na katika matumizi huwa pungufu zaidi. Anayelipa zaidi kwa sababu ya namba ya sandukuni ananunua wino.

Kuifunga redio kulichukua chini ya saa mbili, na muda mwingi ulipotea katika vipimo. Tundu la Toyota lina milimita 200 kwa 100, na redio nyembamba ina 180 kwa 50. Pengo lililobaki lilizibwa kwa fremu ya plastiki. Mafundi wenye haraka hukata plagi ya gari na kusokota nyaya kwa mkono. Mzee alikataa. Alitumia waya wa kati wenye plagi ya Toyota upande mmoja, akalehemu upande wa pili, ili siku gari likiuzwa plagi ya asili iwe nzima.

Rangi za nyaya za redio mpya zina maana zake. Wa njano huleta umeme wakati wote na kuhifadhi kumbukumbu. Mwekundu huleta umeme ufunguo unapozungushwa. Mweusi huenda kwenye bodi. Mzee hakuamini rangi za nyaya za upande wa gari. Alizipima kwa mita, ufunguo ukiwa nje, kisha ukiwa ndani. Wa njano na mwekundu ukibadilishana, redio husahau stesheni kila inapozimwa. Ukiunganisha wote wawili kwenye umeme wa kudumu, jambo ambalo wengi hulifanya kwa uvivu, redio hailali kamwe. Ikinywa hata ampea 0.1 tu, kwa likizo ya majuma mawili itakuwa imekunywa ampea-saa 33.6 kutoka betri ya 45, na mwalimu atakuta gari haliwaki.

Nyaya za spika zisiguse bodi. Katika redio za zamani sana, upande mmoja wa spika uliunganishwa na bodi kama kawaida. Katika redio za sasa nyaya zote mbili za kila spika huendeshwa na kikuza sauti, na kuigusisha mojawapo kwenye chuma huweza kukiua. Wenye malori na baadhi ya Land Cruiser wakumbuke pia kwamba umeme wao ni wa volti 24. Redio ya volti 12 ikiunganishwa moja kwa moja huungua papo hapo.

Kosa moja halina msamaha. Tulipoivuta redio ya zamani tulikuta kwamba mtu fulani, mahali fulani kabla gari halijafika kwa mwalimu, aliifunga fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Karatasi ile ingepitisha mkondo wowote, na waya uliopita nyuma ya dashibodi, juu ya miguu ya abiria, ungegeuka moto. Mzee aliitoa kwa koleo, akaiweka juu ya meza, asiseme kitu kwa muda.

Juma lililofuata tulisafiri kwenda Urambo. Stesheni za Tabora zilisikika zote, za juu na za chini, kisha zikaanza kukoroma karibu na pale hesabu iliposema. Mwalimu alichomeka flashi. Redio ya Japani, pamoja na tundu lake la diski ndogo ambayo hakuna aliyepata kuiona, sasa iko katika maabara ya shule ikiwa imefunguliwa kifuniko. Kidato cha tatu wamekwisha kuitambua saketi ya oskileta, ingawa mmoja wao bado anasisitiza kwamba ni fyuzi.