MBWA ABWEKAYE USIKU KUCHA

Mara nyingi twasikia watu wakilalamika kwamba mbwa wa jirani huwanyima usingizi. Mwenye mbwa naye hujibu kwamba amemweka alinde mji wake. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mbwa abwekaye usiku kucha halindi kitu. Siku fisi aingiapo zizini hakuna atakayeamka, kwa kuwa masikio yamekwisha kuzoea kelele.

Mbwa habweki bure. Kubweka ndiko kusema kwake, na sauti zake hazifanani. Mwaka 2005 wataalamu wa Hungaria walieleza jinsi walivyowasikilizisha watu sauti za mbwa zilizonaswa kwa mashine. Watu hao walitambua hali ya mbwa vema kuliko kwa kubahatisha, hata wale wasiofuga mbwa. Mbwa amfukuzaye mgeni, sauti yake ni nzito, yenye kukwaruza, tena ya haraka. Aliyeachwa peke yake, sauti yake ni nyembamba, naye hutua kidogo kabla ya kubweka tena. Basi kabla ya kushika fimbo, na tusikilize.

Sababu za kelele ni nyingi. Iko njaa na kiu. Iko taabu ya kufungwa mnyororo mchana kutwa. Iko hofu, maana mtoto wa mbwa asiyezoezwa watu na wanyama tangu wiki ya 3 hata ya 12, aghalabu hukua akiogopa kila apitaye. Tena yako mazoea mabaya: mbwa abwekapo hutupiwa mfupa ili anyamaze, naye hujifunza kwamba kubweka huleta chakula.

Twashauri hivi. Mpeni mbwa maji na chakula kwa saa zake. Mfungueni atembee, na mahali pake pa kulala pawe mbali na njia. Abwekapo, nendeni mkatazame, kisha mwiteni kwa sauti ya upole. Akinyamaza, ndipo apewe kipande cha chakula. Kumpiga hakufai, kwani huzidisha hofu, na hofu huzidisha kelele. Watu wote wa nyumbani na wafuate desturi moja, wala wasichoke upesi.

Lakini mbwa akibadilika sauti ghafula, ikawa ya kukauka, au akitokwa na mate, au akiuma bila kuchokozwa, msimkaribie. Huenda ana kichaa. Pelekeni habari kwa Bwana Mifugo upesi. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile asingoje, maana dalili zikisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana kupona. Kinga yake ni kuwapeleka mbwa wote wachanjwe kwa wakati wao.

Mbwa aliyetunzwa vema hunyamaza wakati wa amani. Na siku abwekapo, mji mzima huamka.