Goti Lisipone kwa Kuliangamiza Tumbo

Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.

Leo naomba nianze na habari ya nyumbani kwetu, maana naamini katika nyumba nyingi mjini humu ipo inayofanana nayo.

Shangazi yangu amekaanga maandazi barazani kwake kwa zaidi ya miaka ishirini. Kazi hiyo ni ya kusimama na kuinama, na magoti yake hatimaye yakaanza kudai haki yao. Mwanzoni yaliuma usiku tu. Baadaye hata kuinuka kwenye kigoda ikawa lazima ashike ukuta. Jirani akamwelekeza dawa: vidonge vya diklofenaki, vile vinavyopatikana karibu kila duka la dawa. Alipovimeza maumivu yalitulia, akarudi kwenye karai lake. Tangu siku hiyo vidonge hivyo havikukosekana kwenye pindo la khanga yake.

Baada ya miezi kadhaa kikaja kiungulia. Shangazi akanunua vidonge vya kutafuna, akanywa maziwa, akaacha pilipili na maharage. Hakuacha vidonge vya goti, kwa kuwa kwake yeye goti ni goti na tumbo ni tumbo. Kisha kiungulia kikapungua chenyewe, naye akamshukuru Mungu. Lakini akawa mtu wa kuchoka. Akitembea kidogo moyo unamwenda mbio, na viganja vyake vilikuwa vimepauka. Choo chake kikawa cheusi kama lami, akadhani ni mchicha aliokula. Asubuhi moja akaanguka mlangoni.

Tulipomfikisha hospitali ilibidi aongezewe damu. Alipopata nafuu akaja daktari, kijana wa umri wa watoto wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Pole sana mama. Hebu niambie, magoti yanakusumbua?"

Shangazi akanitazama kana kwamba daktari amekosea kitanda. Akamjibu, "Baba, mimi nimeletwa kwa ajili ya kizunguzungu na tumbo. Habari za goti umezijuaje?"

Swali hilo la daktari, ndugu wasikilizaji, ndilo mazungumzo yetu ya leo. Kwa nini daktari wa tumbo aulize habari za goti?

Tumbo la binadamu hutengeneza tindikali kali, yenye nguvu ya kulainisha nyama tunayokula. Sasa tumbo lenyewe nalo ni nyama. Kwa nini basi lisijiyeyushe? Ni kwa sababu limepakwa ute mzito kwa ndani, na chini ya ute huo damu hupita kwa wingi ili kuponya haraka kila panapochubuka. Anayetoa amri ya kutengeneza ute huo na kuleta damu hiyo ni kemikali ya mwili iitwayo prostaglandini.

Ajabu ni kwamba kemikali za ukoo huo huo zipo pia kwenye goti lililovimba. Kule kazi yake ni nyingine: huleta uvimbe na joto, na kuamsha mishipa ya fahamu ili usikie maumivu. Kwa hiyo zinafanya kazi mbili. Gotini ni mpiga kelele, tumboni ni mlinzi.

Vidonge vya diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini, piroksikamu na aspirini vyote hufanya jambo moja. Huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. Kelele za gotini zikanyamaza, na papo hapo tumbo likabaki bila ulinzi. Ni sawa na mtu anayemfukuza mlinzi wake kwa sababu anapiga filimbi usiku. Atalala vizuri siku mbili tatu, lakini mlango uko wazi.

Jambo hili wataalamu hawakulijua kwa siku moja. Mwaka 1897 mkemia wa Kijerumani, Felix Hoffmann, alitengeneza aspirini katika kiwanda cha Bayer. Husimuliwa kwamba baba yake alikuwa na maumivu ya viungo, na dawa ya wakati ule ilikuwa ikimchafua tumbo mno, hivyo mwana akatafuta iliyo laini zaidi. Aspirini ikaenea dunia nzima kwa sifa hiyo ya ulaini. Lakini mwaka 1938 madaktari wawili wa London, Douthwaite na Lintott, walichungulia ndani ya matumbo ya watu waliomeza aspirini wakaona wekundu na michubuko. Sababu yake ilijulikana mwaka 1971, pale mtaalamu wa Kiingereza John Vane alipoonyesha kwamba dawa hizi huzuia prostaglandini. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na wataalamu wawili wa Sweden.

Baada ya hapo zikatafutwa dawa za kunyamazisha goti bila kugusa tumbo. Moja yao, Vioxx, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1999. Tumbo kweli iliumiza kidogo zaidi kuliko zile za zamani. Lakini ilionekana kuongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na mwaka 2004 kampuni ya Merck ikaiondoa sokoni. Wahenga walisema mkimbia majivu hukanyaga moto. Ziko dawa za jamii hiyo zinazotumika hadi leo, ila kwa uangalifu na kwa maelekezo ya daktari.

Sasa tutazame mambo tunayoyaamini mitaani, maana ndiyo yaliyomponza shangazi.

La kwanza, twaambiwa ukila kwanza ukashiba, dawa haidhuru. Kula kabla ya dawa hupunguza kichefuchefu na kiungulia, na ni desturi njema. Lakini hakuzuii kidonda. Sababu ni kwamba dawa haidhuru kwa kugusa ukuta wa tumbo peke yake. Hata ikishaingia katika damu huenda kumwondoa mlinzi kwa ndani.

La pili linatokana na hilo. Wapo wanaokimbilia sindano ili kulinusuru tumbo. Sindano nayo huingia katika damu, na damu hufika tumboni. Vidonda vya tumbo hupatikana hata kwa sindano, na hata kwa dawa za kuweka njia ya haja kubwa.

La tatu ni maziwa na vidonge vya kutafuna. Hivi hutuliza kiungulia kwa muda mfupi. Maziwa yakishapita, tumbo hutoa tindikali tena. Ubaya wake mkubwa ni kumfanya mgonjwa aone amepata dawa, naye akaendelea kumeza ileile inayomdhuru.

La nne ndilo la hatari kupita yote: kwamba kama tumbo haliumi, basi halina kitu. Kumbukeni kuwa mtu huyu anameza dawa ya kutuliza maumivu. Dawa inaweza kuchimba kidonda huku inamficha mwenyewe asikisikie. Watu wengi waliotokwa na damu tumboni kwa ajili ya dawa hizi hawakuwa na dalili yoyote kabla ya siku ile. Ndiyo maana kiungulia cha shangazi kilipopungua, kidonda hakikupona. Kilinyamaza tu.

Je, kila anayemeza dawa hizi ataumia? La, hasha. Ukimeza siku mbili tatu kwa jino au mgongo, na huna tatizo jingine, hatari ni ndogo. Lakini katika watu 100 wanaozimeza mwaka mzima, mmoja au wawili hupata madhara makubwa ya kutokwa damu au tumbo kutoboka. Hatari hupanda kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 65, kwa aliyewahi kuwa na vidonda vya tumbo, kwa anayemeza dozi kubwa, na kwa anayechanganya dawa hizi na prednisoloni au dawa za kuzuia damu kuganda.

Yupo pia mwenye bakteria wa tumboni aitwaye Helicobacter pylori. Bakteria huyo aligunduliwa Australia mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Watu wengi Afrika wanaye bila kujua. Akikutana na vidonge vya goti katika tumbo moja, kidonda huwa rahisi zaidi kutokea. Kipimo chake kipo na tiba yake ipo, na yafaa mwenye historia ya vidonda apimwe kabla hajaanza dawa za viungo za muda mrefu.

Jihadharini pia na majina. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi, na mtu anaweza kumeza diklofenaki asubuhi na ibuprofeni jioni akidhani moja ni ya goti na nyingine ni ya mgongo. Hizo ni ndugu. Kuzichanganya hakuongezi nafuu ya maana, huongeza vidonda. Tena msidanganyike na kila kinachoitwa cha asili. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya juu ya vidonge vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo. Vilipopimwa vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni, wala havikuandikwa kwenye kibandiko. Mnunuzi alifikiri anakimbia dawa za dukani, kumbe amezimeza mbili kwa pamoja.

Basi mwenye goti bovu na tumbo bovu afanye nini? Avumilie tu? Hapana. Njia zipo, ila zahitaji daktari ajue habari zote mbili.

Kwanza ajue anaumwa nini. Sisi twasema baridi yabisi kwa kila kiungo kinachouma, lakini ndani ya jina hilo mna magonjwa kadhaa. Yupo ambaye goti limelika kwa umri, uzito na kazi. Yupo mwenye jongo, linalotokana na asidi ya yuriki kuzidi mwilini. Yupo ambaye kinga ya mwili wake inashambulia viungo vyake mwenyewe, mara nyingi vidole vya mikono yote miwili, navyo vikakakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi. Huyu wa mwisho akituliza maumivu tu, viungo huendelea kuharibika. Anahitaji dawa za kuuzuia ugonjwa wenyewe, kama methotrekseti, ambayo humezwa mara moja tu kwa juma wala si kila siku, chini ya uangalizi wa daktari.

Pili, kwa goti lililolika, ziko njia zisizopitia tumboni. Dawa ya kupaka yenye diklofenaki husaidia magoti na vidole, na kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja hulipunguzia goti mzigo. Uzito nao una hesabu yake: kila kilo moja unayopunguza mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo zipatazo nne katika kila hatua. Parasetamoli haichubui tumbo kama zile nyingine, ingawa haina nguvu juu ya uvimbe. Nayo ina mpaka wake. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, maana ikizidi huharibu ini.

Tatu, ikiwa hapana budi vidonge vya uvimbe vitumike, viwe vya dozi ndogo iwezekanayo kwa muda mfupi uwezekanao. Daktari anaweza kuongeza omeprazoli ya kulinda tumbo, ambayo humezwa asubuhi kabla ya chakula. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo aseme mapema, kwa kuwa vidonge hivi hupandisha shinikizo na kuzilemea figo. Na yule aliyeandikiwa aspirini ndogo kwa ajili ya moyo asiiache kwa kusikia mazungumzo haya. Amuulize daktari wake kwanza.

Dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja kesho ni hizi: choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama makapi ya kahawa, maumivu makali ya tumbo ya ghafla, na kizunguzungu pamoja na kupauka. Msingoje tumbo liume kwanza.

Shangazi alichunguzwa kwa mpira mwembamba wenye kamera, kidonda kikaonekana, akatibiwa, na bakteria naye akakutwa na kuondolewa. Sasa hukaanga maandazi akiwa ameketi, kigoda chake kimeinuliwa kwa matofali, na jioni hupaka dawa magotini. Goti bado humuuma siku za baridi, hasemi uongo. Lakini juzi nilimsikia akimuuliza mteja aliyekuwa akilalamikia kiungulia huku ameshika kikombe cha chai:

"Mwanangu, hebu niambie, magoti nayo yanakuuma?"

Ukienda hospitali kwa ajili ya tumbo, taja dawa za goti. Ukienda kwa ajili ya goti, litaje tumbo. Na kama daktari hakuuliza, mwambie wewe.